Paundi Ngapi kwa Dodoma?

Raketi ya mpira wa vinyoya iliyofungwa nyuzi Dar es Salaam asubuhi inaweza kuchezewa Dodoma jioni ya siku hiyohiyo. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria hadi makao makuu ya nchi mwaka 2024, safari ya treni ya haraka haifiki saa nne. Raketi ni ileile na mkono ni uleule, lakini kila kinyoya unachokituma nyuma kinatoka nje. Dodoma iko karibu mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban sehemu moja ya kumi. Kinyoya kimeundwa ili hewa ikizuie. Hewa ikipungua, kinapitiliza. Hapo ndipo ubishi wa nyuzi unapoanza: ukaze, ulegeze, au uziache kama zilivyo?

Nimewakalisha watu wanne kwenye mjadala huu, nami ni mwenyekiti ambaye sitaficha upande wangu. Sikuwapa majina; kazi zao zinatosha, na msomaji aliyewahi kushika raketi atawatambua. Mchezaji ni binti wa chuo kikuu aliyekulia Upanga. Fundi anafunga nyuzi. Mwalimu anafundisha michezo katika sekondari moja upande wa Chamwino. Mzee ni mpiga zeze wa Kigogo, naye yumo kwa sababu katika nyanda hizi za kati sijui mtu anayeuelewa uzi uliokazwa kumpita yeye.

MCHEZAJI: Shikamoo Mzee, shikamoo Mwalimu. Niseme wazi tangu mwanzo: mimi nafunga paundi 28 na nitaendelea. Nilipokuwa Dar nilifunga 26. Huku nimeona kinyoya kinaruka chenyewe, kwa hiyo sihitaji nyuzi zinisaidie kukirusha. Nahitaji kukiamuru. Nyuzi zikikazwa, kinyoya kinakwenda pale ninapokielekeza, na mlio wa smashi pekee unamshtua aliye upande wa pili. Uzi wangu ni wa milimita 0.65. Uzi mnene siutaki, unanifanya nihisi nimevaa glavu.

FUNDI: Dada, umeanza vizuri, umemalizia vibaya. Ni kweli nyuzi zilizolegea kiasi zinasukuma zaidi. Kinyoya kikigusa raketi kinakaa pale kwa muda wa kama sehemu moja ya elfu ya sekunde. Katika muda huo nyuzi zinabonyea, zinashika nguvu ya pigo, kisha zinairudisha karibu yote. Koki ya kinyoya nayo inabonyea, ila koki hairudishi vizuri. Nguvu nyingi inayoingia mle inapotea kama joto. Ukikaza mno, nyuzi zinakataa kubonyea, kazi yote inahamia kwenye koki, na jasho lako linaishia humo. Ndiyo maana mtu akifunga paundi 30 na mkono wake ni wa 23 anahisi kama anapigia ubao wa mlango.

MCHEZAJI: Lakini mabingwa wote wa dunia wanacheza na nyuzi ngumu.

FUNDI: Wana mikono ya kuzibonyeza. Satwiksairaj Rankireddy wa India alipiga smashi ya kilomita 565 kwa saa mwezi Aprili 2023, kwenye kiwanda cha Yonex kule Soka, Japani, na rekodi ikaandikwa. Mkono wa namna ile unazifanya nyuzi za paundi 30 zibonyee kama zako zinavyobonyea kwenye 23. Tena bingwa uzi ukikatika anachukua raketi nyingine kwenye begi, na jioni kuna mtu wa kumfungia. Wewe ukikatika uzi Jumanne, unacheza tena lini?

Mchezaji hakujibu, naomba nami niweke neno. Watu wengi hudhani mkazo wa nyuzi ndio unaoongeza kasi ya kinyoya. Tofauti ya kasi kati ya paundi 23 na 27, kwa mkono mmoja na pigo moja, ni ndogo. Tofauti kubwa iko kwenye hisia: mlio, mtikisiko unaopanda kwenye mpini, na jinsi pigo lisilogonga katikati linavyokuadhibu. Hisia si jambo dogo. Mchezaji anayeisikia raketi yake anaamua mapema na kwa uhakika, na mchezo huu ni wa kuamua mapema. Sitaki Fundi amfanye binti huyu aone aibu kwa kupenda mlio.

Fundi aliichukua raketi ya Mchezaji akaigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha. Katikati nyuzi zilikuwa zimepoteza rangi, na kila mahali wima na mlalo zinapokutana palikuwa na vijichongo, kwa kuwa nyuzi zinasuguana kila pigo na moja inakula nyingine. Hilo ni la kawaida. Alichonionyesha kwa kidole ni doa la pili, juu kidogo, karibu na kichwa cha fremu, lililochakaa karibu sawa na lile la katikati.

FUNDI: Hili doa linasema kinyoya kinakufikia kabla hujawa tayari. Hewa ya huku haikipunguzi kasi kama ya Dar, kwa hiyo unachelewa kidogo na kupigia huku juu. Sasa fikiria: eneo la raketi linalopiga vizuri linapungua kadiri unavyokaza. Umekuja mahali ambapo unakosa katikati mara nyingi zaidi, halafu ukachagua mkazo usiosamehe anayekosa katikati. Na uzi wa 0.65 ukipigwa karibu na fremu hauna pa kunyooka, unakatika palepale.

MCHEZAJI: Kwa hiyo nilegeze hadi 22 nicheze kama mtoto?

FUNDI: Rudi 25, na chukua uzi wa 0.68. Hutapoteza chochote unachokijua isipokuwa mlio kidogo.

Kwa msomaji ambaye namba hizi ni ngeni: paundi ndicho kipimo cha nguvu ambayo mashine inavutia kila uzi kabla ya kuufunga, na paundi moja ni kama gramu 450. Paundi 25 ni sawa na kuning'iniza zaidi ya kilo 11 kwenye uzi mmoja, na raketi ya kawaida ina nyuzi wima 22, hujazihesabu za mlalo. Uzi wenyewe ni nailoni: mamia ya nyuzinyuzi nyembamba zimesokotwa pamoja na kuvikwa ganda. Unene wake unaanzia karibu milimita 0.61 hadi 0.70 na kidogo zaidi. BG65 ya Yonex, ambayo vilabu vingi duniani vinaitegemea kwa kudumu kwake, ni 0.70. BG66 Ultimax ya kampuni hiyohiyo ni 0.65. Tofauti ni sehemu tano za mia za milimita, jicho haliioni, lakini mkono unaijua kwenye pigo la kwanza: uzi mwembamba unaruka haraka na kulia kwa ukali, ule mnene unapooza mlio na kuishi muda mrefu.

MWALIMU: Nimewasikiliza kwa subira. Mnazungumza kana kwamba kila mtu anacheza ukumbini. Wanafunzi wangu wanacheza kwenye kiwanja cha udongo, neti tumeifunga kati ya nguzo mbili, na kuanzia mwezi wa saba upepo unavuma vumbi likaingia mpaka kwenye daftari. Vumbi lile linakaa kati ya nyuzi. Nyuzi zikisuguana, punje za mchanga zinafanya kazi ya tupa. Uzi wa 0.65 kwangu ni kuchoma pesa ya shule. Raketi zangu ni za uzi mnene, paundi 20, na mtoto anayeanza anafurahi kwa sababu kinyoya kinavuka neti.

MCHEZAJI: Mwalimu, kwa 20 watajifunza kupiga kwa kubahatisha. Kinyoya kitaruka popote.

MWALIMU: Mwanangu, mtoto wa kidato cha kwanza mkono wake haujajua kuzungusha kiwiko na kukunjua kifundo kwa wakati mmoja. Ukimpa nyuzi ngumu atafidia kwa bega, na bega likizoea kufanya kazi ya kifundo, kulirudisha ni kazi ya miaka. Nimeona watoto wanaacha mchezo kwa maumivu ya kiwiko. Nyuzi laini zinampa nafasi ya kujifunza pigo lenyewe. Akikomaa atakaza.

Hapa niko na Mwalimu bila kusita. Shirikisho la Dunia la mchezo huu lilianzisha mpango wa Shuttle Time mwaka 2012 ili walimu wa shule waweze kuufundisha, na mwaka 2019 likazindua AirBadminton, aina ya mchezo huu kwa ajili ya nje, yenye kinyoya maalumu kinachostahimili upepo. Maana yake ni kwamba hata wakubwa wa mchezo wamekubali kuwa kiwanja cha Mwalimu ni kiwanja. Lakini nasikitika kuona raketi nyingi zinazofika shuleni zimefungwa kiwandani kwa mkazo ambao hakuna anayeujua, zinatumika hadi zikatike, kisha zinatupwa stoo pamoja na mafagio. Fremu nzima inazikwa kwa ajili ya mita kumi za nailoni.

Mzee alikuwa amekaa kimya muda wote, raketi ya Mchezaji iko magotini. Alizigonga nyuzi kwa kucha, akasikiliza, akagonga tena.

MZEE: Binti, hii uliifunga lini?

MCHEZAJI: Mwezi uliopita, Mzee.

MZEE: Imeshuka. Kwenye zeze, uzi ukilegea kidogo hauambiwi na mtu, unausikia kabla hujaimba. Sasa ninyi mnabishana 28 na 25, na kumbe hii hapa si 28 tena. Mnabishana juu ya namba iliyokwisha kuondoka.

Sote tulinyamaza, kwa sababu amesema kweli. Nailoni iliyovutwa haikai ilipovutwa. Katika saa 24 za kwanza inaweza kupoteza kama asilimia kumi ya mkazo wake hata raketi ikiwa imetundikwa ukutani, kisha inaendelea kushuka polepole kadiri unavyocheza. Na Mzee hakubahatisha kwa kucha ile. Sauti ya uzi hufuata kipeuo cha pili cha mkazo wake, na ukipiga hesabu, mkazo ukipungua asilimia kumi sauti inashuka karibu semitoni moja, yaani hatua kati ya vitufe viwili vinavyofuatana kwenye kinanda. Sikio la mtu aliyekua na zeze haliwezi kuikosa hatua hiyo. Hukwe Zawose, Mgogo aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kuusikilizisha ulimwengu zeze hadi alipofariki mwaka 2003, hakuhitaji kipimo kingine zaidi ya hicho. Siku hizi kuna programu za simu zinazopima mlio wa raketi na kukadiria paundi zilizobaki. Zinafanya kile Mzee alichokifanya kwa ukucha.

FUNDI: Nakubali, Mzee. Ndiyo maana nawaambia watu wafunge upya hata kama uzi haujakatika. Kuna kanuni ya wazee wa mchezo: mara unazocheza kwa wiki, ndizo mara za kufunga kwa mwaka. Anayecheza mara tatu afunge mara tatu. Uzi uliokufa haukatiki, unakudanganya tu. Kinyoya kinakwenda, lakini hujui kitaangukia wapi.

MCHEZAJI: Basi umenisaidia, fundi! Kama 28 inashuka hadi 25 ndani ya siku chache, mimi nafunga 28 ili nipate 25.

FUNDI: Na 25 nayo itashuka. Isitoshe, fremu yako imeandikwa paundi za mwisho pale juu ya mpini. Umesoma?

Hakuwa amesoma. Tuliisoma pamoja, maandishi madogo karibu na koni: paundi 19 hadi 27. Kwa hiyo raketi ilikuwa imepitishwa kikomo chake tangu siku ya kwanza. Raketi nyingi za bei ya kati huvumilia kwa muda, halafu siku moja fremu inapasuka kichwani mchana wa joto na mwenyewe anasema ilikuwa feki.

Joto na ukavu vinastahili neno, ingawa si refu. Dodoma karibu haipati mvua kuanzia Mei hadi Oktoba. Nailoni hufyonza unyevu wa hewa na kulainika, kwa hiyo uzi uliozoea Dar unakuwa mgumu kidogo ukikaa kwenye hewa kavu ya huku. Asubuhi za Juni na Julai, baridi inapouma, uzi mwembamba huwa mwepesi zaidi kukatika. Ila adui mkubwa ni gari lililoegeshwa juani: joto la ndani linalegeza nyuzi haraka kuliko wiki ya mchezo. Manyoya ya kinyoya ndiyo yanayoteseka zaidi. Kinyoya halisi kina manyoya 16 ya bata bukini au bata wa kawaida, na ukavu unayafanya yavunjike kama kuni. Wachezaji wengi huyafukiza kwa mvuke wa maji moto usiku kabla ya mchezo, na inasaidia.

Kinyoya ndicho kilichomaliza ubishi, kwa maoni yangu. Mjadala mzima ulikuwa unajaribu kutibu kwa nyuzi tatizo ambalo chanzo chake kiko upande wa pili wa pigo. Sheria za mchezo zina jaribio lake. Mchezaji anasimama kwenye mstari wa nyuma, anapiga pigo kamili kutoka chini ya mkono, kinyoya kikienda juu na mbele sambamba na mistari ya pembeni. Kinyoya chenye kasi sahihi kinapaswa kuangukia kati ya sentimita 53 na 99 kabla ya mstari wa nyuma wa upande wa pili. Kikipita hapo, ni cha kasi mno kwa mahali hapo. Hakuna neno hata moja kuhusu kukaza raketi.

FUNDI: Vinyoya vya manyoya vinauzwa kwa namba: 75, 76, 77, 78. Namba kubwa ni nzito na ya kasi. Watu wa Dodoma wakiagiza 77 au 78 kwa sababu ndizo zinazouzwa Dar, wamejiletea shida wenyewe. Huku tuanzie 75 au 76. Na kama 77 ndizo tulizonazo, tunakunja ncha za manyoya nje, moja ndiyo moja siyo, kinyoya kinapungua mwendo.

MWALIMU: Na vya plastiki?

FUNDI: Tazama rangi ya utepe kwenye koki. Kijani ni polepole, buluu ni katikati, nyekundu ni kasi. Kwa shule yako, Mwalimu, kijani.

MCHEZAJI: Sawa. Nikipata 75, sina haja ya kukaza kwa ajili ya kuzuia. Lakini nikienda mashindano Dar, kinyoya cha pale kitaanguka kifupi, nami nimezoea huku.

FUNDI: Sasa umeuliza swali la mchezaji. Beba raketi mbili. Moja 25 ya hapa, nyingine 23 au 24 ya pwani, uzi uleule, ili mkono usichanganyikiwe na mambo mawili kwa mpigo. Kampala iko mita 1,190, juu kidogo ya sisi, na wanaandaa mashindano ya kimataifa kila mara. Wageni wanatoka nchi za usawa wa bahari na kuzoea ndani ya siku chache. Hatuna udhuru.

MZEE: Na mkiwa na mbili, zigongeni zote kabla hamjaingia. Mtajua ipi imechoka.

Mchezaji alicheka, akachukua raketi yake. Hakusema kwamba amekubali 25, nami sikumlazimisha; mtu mwenye umri wake akijisikia mwenyewe tofauti kwenye mkono ataikumbuka kuliko akiambiwa.

Hukumu yangu ni hii. Dodoma, na Singida pamoja na Manyara ya juu vilevile, tuanze na kinyoya: namba 75 au 76, au utepe wa kijani. Baada ya hapo tuchague unene wa uzi kulingana na kiwanja, 0.70 kwa udongo na 0.66 hadi 0.68 kwa ukumbi. Paundi ziwe za mwisho kuamuliwa: 20 hadi 21 kwa wanaoanza, 23 hadi 25 kwa wanaocheza kila wiki, na zaidi ya hapo kwa yule tu ambaye doa la uchakavu kwenye nyuzi zake limebaki katikati. Uzi ukikatika, kata nyuzi zote kwa mkasi papo hapo kuanzia katikati kwenda pembeni, usiache fremu ikivutwa upande mmoja usiku kucha.

Walimu wa michezo na viongozi wa vilabu vya vyuo, ninaomba jambo dogo. Kila raketi inayofungwa ibandikwe kipande cha karatasi juu ya mpini, kiandikwe tarehe, unene wa uzi na paundi. Na bajeti ya michezo ya mwaka ujao ikipangwa, wekeni fungu la nyuzi na mashine moja ya kufungia kabla ya kununua raketi mpya.